Kwa nini sho ya Kakamega haina tena ladha ya zamani

KATIKA mji wa Kakamega, mazungumzo ya watu waliokuwa shuleni miaka ya 1970 na 1980 hayachelewi kufika kwenye maonyesho ya kilimo. Mmoja atataja bembea za mzunguko zilizompa kisunzi, mwingine atakumbuka bendi ya polisi na fahali aliyevishwa utepe wa ushindi, na wa tatu atasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza tanzia, kwamba sho ya siku hizi si sho.

Lalama hiyo husikika pia Kisumu, Nakuru, Eldoret na Mombasa, miji ambayo nayo ina viwanja vya maonyesho. Hata hivyo, Kakamega ina sababu zake za kusikitika zaidi. Nairobi ilikuwa na Uhuru Park, iliyofunguliwa mwaka 1969, pamoja na mitambo ya kuchezea watoto ya Luna Park kandokando yake. Mombasa ina bahari. Mtoto wa Mkoa wa Magharibi alikuwa na sho, tena kwa siku chache tu kwa mwaka, na kwake uwanja huo wa wakulima ndio uliokuwa bustani ya burudani.

Maelezo yanayotolewa kuhusu kuporomoka kwake ni mawili. Wapo wanaowashutumu waandalizi kwa kuwaachia wachuuzi uwanja wote, hata mgeni akaingia na kutoka bila kuona ng'ombe hata mmoja. Wapo pia wanaolaumu televisheni na simu za mkononi. Hoja zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja inayouliza jambo la msingi: ni nani aliyekuwa akiigharamia ile raha ya zamani?

Maana sho haikuwa bembea peke yake. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliyepelekwa Kakamega na mwalimu wake alishuka kwenye lori au basi akiwa na sare iliyopigwa pasi, na shilingi chache alizofungiwa na mamake kwenye kitambaa. Kabla ya kufikia bembea alipitishwa kwanza kwenye vibanda. Aliona mahindi ya mbegu chotara, ambayo wakulima wa Kenya walianza kuuziwa mwaka 1964, yakiwa yamepandwa kwa mistari iliyonyooka kama rula. Aliona ng'ombe wa maziwa ambaye kiwele chake kilimfanya amwonee haya ng'ombe wa kwao. Aliona fanicha zilizochongwa na wafungwa, na kuwauliza askari magereza maswali ambayo nyumbani asingethubutu kuyauliza.

Kisha kulikuwa na vya bure. Kibanda hiki kiligawa kofia za karatasi, kile vipeperushi vyenye picha za rangi ambavyo baadaye vilifunikia madaftari. Maziwa yalikuwa ya pakiti za pembetatu, zilezile ambazo watoto wa enzi hiyo walizijua kutokana na maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 1979. Baada ya hapo ndipo zilipofika zamu za mazingaombwe, mbwa wa polisi, mpiga picha mwenye pazia lililochorwa ndege au bahari, na hatimaye bembea.

Mpangilio huo haukuwa wa bahati nasibu. Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, kilianzishwa mwaka 1901 na walowezi wa Kizungu waliotaka kushindanisha mifugo na mazao yao, kama ilivyokuwa desturi ya mashamba ya Uingereza. Mkulima Mwafrika hakuwa na nafasi ya maana katika mashindano hayo, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa hata kukuza kahawa kwa uhuru. Baada ya uhuru wa 1963, serikali ilikichukua chombo hicho cha walowezi na kukipa kazi nyingine, yaani kumfundisha mkulima mdogo. Burudani ilikuwa chambo. Watu walivutwa na muziki na bembea ili wapite mbele ya mbegu, mbolea na dawa ya kuogeshea mifugo.

Kwa wanafunzi, njia ilipitia vyama vya 4K, ambavyo herufi zake zilisimamia Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto walilima bustani shuleni, wakafuga sungura na kuku, na kazi yao ikapata mahali pa kuonekana pindi msimu wa maonyesho ulipowadia. Mtoto aliyekwenda sho akiwa na kabichi yake mkononi hakuwa mtazamaji tu. Pengine hilo ndilo linaloeleza kwa nini kumbukumbu za siku hizo zimenata kiasi hicho.

Sasa turejee kwenye gharama. Kujenga kibanda, kusafirisha mifugo, kulipa maafisa posho ya siku kadhaa na kugawa maziwa ya bure ni mambo yanayohitaji fedha ambazo hazirudi siku hiyo hiyo. Mashirika ya umma ndiyo yaliyokuwa na uwezo huo na sababu ya kuutumia. Ushirika wa maziwa KCC, uliokuwapo tangu 1925, ulitaka maziwa ya mkulima. Bodi ya nafaka ilitaka mahindi yake. Shirika la mikopo ya kilimo lilimtaka akope. Wizara ilitaka kuonyesha kwamba inafanya kazi, hasa maadamu mgeni rasmi angekuwa mkuu wa mkoa, waziri, au Rais mwenyewe. Rais Daniel arap Moi alikuwa na mazoea ya kuhudhuria maonyesho ya aina hii, na hakuna meneja wa shirika la umma aliyetaka kibanda chake kikutwe kitupu.

Mkoa wa Magharibi ulikuwa na bahati ya ziada. Katika muda wa miaka mitano hivi ulipata viwanda vitatu vikubwa: kiwanda cha sukari cha Mumias kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiwanda cha karatasi cha Pan African kilichoanza uzalishaji Webuye mwaka 1974, na kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichofuata mwaka 1978. Viwanda hivyo vilikuwa na wafanyakazi wenye mishahara, wakulima wa miwa wenye malipo, timu za kandanda, shule na zahanati. Mwenye kulipwa mwisho wa mwezi ndiye anayeweza kuwapeleka watoto wanne kwenye sho, akawalipia kiingilio, soda na raundi mbili za bembea, na bado akabakisha nauli ya kurudi.

Kwa maneno mengine, fedha za maonyesho zilitoka pande mbili, na pande zote mbili zilikauka.

Upande wa kwanza ulianza kukauka mapema miaka ya 1990, serikali ilipolegeza udhibiti wa biashara ya maziwa na mahindi kwa shinikizo la wafadhili. Mashirika yaliyozoea kununua peke yake yakajikuta yakishindana, na mengi hayakuwa yamejiandaa. KCC ilikuwa hoi kufikia mwisho wa muongo huo, na haikufufuliwa hadi 2003. Maziwa ya Nyayo yalitoweka shuleni. Uajiri wa maafisa wa ugani ulisimama. Waliostaafu hawakupata warithi, na yule bwana shamba wa baiskeli aliyeijua kila boma ya lokesheni yake akabaki hadithi. Huduma ya kupandisha ng'ombe kwa njia ya uhamilishaji, iliyokuwa ya bei ya serikali, ikaachiwa watu binafsi.

Upande wa pili, wa mifuko ya wananchi, ulichukua muda zaidi. Kiwanda cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na mji uliokitegemea ukanyong'onyea kabla hakijauzwa kwa kampuni ya kibinafsi mwaka 2016. Mumias, iliyowahi kuwa fahari ya sekta nzima ya sukari na kuuza hisa zake kwa umma mwaka 2001, iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, kisha ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda mwezi Desemba 2021. Wakulima wengi walikuwa wameshang'oa miwa kitambo. Familia iliyongoja malipo ya miwa kwa miaka haina hamu ya kulipia kiingilio ili ikatazame mashine za kulimia miwa.

Palipotoka mashirika hapakubaki pengo. Waliingia wauza vyombo vya plastiki, nguo za mtumba, dawa za mitishamba na vipaza sauti vyenye kushindana kwa kelele. Hawa hawakuwafukuza wakulima uwanjani kama inavyodaiwa. Walikodi nafasi ambazo hakuna mwingine aliyezitaka, na kodi yao pengine ndiyo iliyozuia lango lisifungwe kabisa. Kuwatwika lawama ni kumwadhibu aliyekuja kuzima moto kwa sababu amelowesha zulia.

Bembea nazo ziliathirika kwa njia isiyoonekana wazi. Wenye mitambo hiyo hutegemea kalenda ya maonyesho: wanaifungua mji mmoja, wanaipakia kwenye malori, na kuifunga upya mji mwingine, hadi msimu wa Mombasa na Nairobi upite. Biashara yenyewe ni ya hesabu nyepesi. Gharama ya lori na fundi haibadiliki, wawe watoto mia au elfu kumi. Umati ukipungua, kinachopunguzwa ni rangi, vipuri na mitambo mipya. Ndiyo sababu baba anayempeleka mwanawe leo huweza kuapa kwamba farasi wa mbao ni walewale aliowapanda yeye, ila sasa wana chubuko zaidi.

Elimu pia ilihama. Mkulima wa Lurambi au Malava hahitaji tena kungoja mwaka mzima ili aambiwe nafasi ya kuachwa kati ya mashina ya mahindi. Redio za lugha za nyumbani zina vipindi vya kilimo, televisheni ilianza kurusha Shamba Shape Up mwaka 2012, na simu humjibu swali lake akiwa shambani. Taasisi za utafiti bado zipo. Kituo cha Kakamega, ambacho sasa kiko chini ya shirika la KALRO, ndicho kilicholipa taifa viazi vitamu vya SPK 004, aina inayofahamika pia kwa jina la Kakamega. Chuo cha Kilimo cha Bukura, chenye mizizi ya miaka ya 1920, hakijafunga milango. Lakini aliyetaka miche ya viazi huifuata kituoni au kwa jirani, hangoji gwaride.

Hapa panafaa tanbihi kuhusu kumbukumbu zenyewe. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu wazima, wanapoulizwa kuhusu maisha yao, hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30. Kizazi kinachoomboleza sho kilikuwa na umri huo katika miaka ileile ya neema ya viwanda. Haiwezekani kutenganisha kabisa utamu wa sho na utamu wa kuwa na miaka kumi na miwili.

Kumbukumbu hizo zimechuja mengi. Hazisemi juu ya watoto waliotazama kupitia uani kwa kukosa kiingilio, ambao huenda walikuwa wengi kuliko waliokuwa ndani. Hazisemi juu ya hotuba ndefu zilizosikilizwa juani na wanafunzi waliopangwa foleni tangu alfajiri, wala juu ya mvua ya alasiri ya Kakamega, isiyo na simile, iliyogeuza njia za vibanda kuwa tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Na mtu aliyekuwa mkulima maskini wakati huo angeweza kuuliza ni wangapi kati ya waliopendezwa na lile fahali la maonyesho walioweza kumnunua hata ndama wake.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wakumbukaji hawakukosea, na linaonekana vyema zaidi likilinganishwa na bustani za burudani za mbali. Walt Disney alipofungua Disneyland huko California mwaka 1955, mgeni alipitia kwanza barabara iliyojengwa kwa mfano wa mji mdogo wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, wa aina ya Marceline, Missouri, alikoishi utotoni. Bustani ile iliuza hamu ya zamani tangu siku ya kwanza. Sho ya Kakamega iliuza kinyume chake. Kila kibanda kilimwambia mtoto: hivi ndivyo kwenu kutakavyokuwa. Mahindi yatakuwa marefu hivi, ng'ombe atatoa maziwa haya, karatasi ya daftari lako itatengenezwa Webuye na sukari ya chai yako Mumias, na wewe huenda ukavaa koti jeupe la mtafiti. Wanachokilia watu wa umri huo, kwa kiasi kikubwa, ni ahadi waliyoonyeshwa na haikutimizwa.

Kwamba maonyesho ya kilimo yanaweza kudumu na watu wake inathibitishwa na jirani wa kusini. Tanzania imeyapa maonyesho yake siku mbili za mapumziko ya kitaifa: Saba Saba, Julai 7, kwa biashara, na Nane Nane, Agosti 8, kwa wakulima. Viwanja kama Nzuguni jijini Dodoma na John Mwakangale jijini Mbeya hujaa mabanda ya wizara, halmashauri, magereza na majeshi. Huko nako wapo wanaonung'unika kwamba vyombo vya plastiki vimezidi. Tofauti ni kwamba taasisi za umma zinaendelea kutarajiwa kufika, na siku yenyewe humpa mzazi fursa ya kumshika mtoto mkono.

Nchini Kenya, mabadiliko ya katiba yaliivuruga hesabu ya zamani. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mikoa ilipoteza nafasi yake na kaunti zikachukua usukani. Mkoa wa Magharibi uligawika kuwa Kakamega, Bungoma, Busia na Vihiga, kila moja ikiwa na gavana, bajeti na siku zake za wakulima. Kibanda kimoja cha idara ya kilimo ya mkoa kikawa vinne, katika sehemu nne. Sho iliyobeba jina la Kakamega lakini ikawa ya mkoa mzima ilijikuta bila mkoa. Kisha mwaka 2020, janga la Covid-19 likafunga viwanja vya maonyesho kote nchini, na desturi ya mwaka hadi mwaka, ambayo ni nusu ya uhai wa jambo lolote la aina hii, ikakatika.

Katiba hiyohiyo, lakini, ilimwaga wino pia kuhusu burudani. Jedwali la Nne linazipa kaunti kilimo, na pia linazipa bustani za umma na vifaa vya burudani. Kwa hivyo vitu viwili ambavyo sho iliviunganisha, shamba na bembea, kisheria viko chini ya paa moja. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, sehemu kubwa wakiwa watoto, na mahali pao pa kuchezea pasipohitaji mzazi mwenye gari ni pachache mno.

Bustani ya Muliro, iliyopewa jina la mwanasiasa Masinde Muliro aliyefariki mwaka 1992, inajulikana na kila mkazi wa mji. Kwa bahati mbaya, mwanzoni mwa miaka ya 2010 iligeuzwa kichekesho cha taifa zima kwa sababu ya picha za wapenzi zilizodaiwa kupigwa humo, na wazazi wengi wakaona haya hata kuitaja mbele ya watoto. Ni tukio dogo, ila linaeleza jinsi bustani ya umma isiyo na shughuli za watoto inavyopata shughuli nyingine.

Raha isiyotegemea kibanda cha shirika lolote bado ipo katika kaunti hii. Huko Khayega na vijiji vya Isukha na Idakho, fahali hupiganishwa Jumamosi asubuhi mapema, wakisindikizwa na ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Hakuna lango wala tiketi. Umati huja kwa sababu fahali ni wa mtu wanayemjua, na akishinda, kijiji kizima kimeshinda. Vyama vya 4K viliwapa watoto hisia hiyohiyo kwa kabichi na sungura. Serikali ilivizindua upya mwezi Juni 2021, na shule kadhaa zikaanza tena kuchimba vitalu.

Mtoto wa darasa la nne anayelima kitalu hicho hakuwahi kuishi katika Mkoa wa Magharibi na hana kiwanda cha Webuye cha kukililia. Akivuna, atahitaji mahali pa kuipeleka kabichi yake, mtu wa kuipima na kuitia alama, na akimaliza hapo, bembea iliyopakwa rangi na kutiwa mafuta.